Pete moja, mawe mawili: yakuti ina jina la kwao, almasi ya kwetu haina

Hapa Kisangani neno almasi, ao diama kama wengi wanavyosema mtaani, halishangazi mtu. Kuta za nyumba za wanunuzi zilichorwa picha za mawe yenye kung'aa tangu zamani, na hata mtoto anajua kwamba mawe yanatoka upande wa Bafwasende, Banalia na Opala. Lakini wengi wetu tunalijua jiwe likiwa bado ghafi: kidogo, bila mng'ao, kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa mto. Linafungwa katika karatasi, linapimwa, linauzwa, na baada ya hapo hatulioni tena.

Habari hii inalifuata jiwe mpaka mwisho wa safari yake, ndani ya pete za zamani za Bulaya. Tumechagua pete za aina moja: zile zenye almasi pamoja na yakuti samawi, jiwe la bluu ambalo waliosoma Kifaransa wanaliita safiri. Pete hizo ni kama kitabu kwa anayejua kuzisoma. Zinasema zilitengenezwa miaka gani, kwa madini gani, na kwa kazi ya fundi wa namna gani. Kuna jambo moja tu ambalo hazisemi, na jambo hilo linatuhusu sisi Wakongomani.

Geuza pete, tazama mgongo wake

Watu wakishika pete hutazama jiwe. Fundi wa vito anaigeuza kwanza. Anataka kuona jiwe limeshikwa namna gani, sababu namna ya kulishika ilibadilika kila kipindi.

Katika miaka ya 1700, kabla ya taa za umeme, watu wakubwa wa Bulaya walivaa vito usiku, kwenye mwanga wa mishumaa. Almasi zilichongwa kwa mkono na kwa macho ya fundi, bila mashine. Nyingi zilikuwa na umbo la mto wa kulalia, pembe zimelainishwa, juu kumenyanyuka, na chini ncha imekatwa kidogo. Ukiitazama almasi kama hiyo kutoka juu, unaona kama tundu dogo katikati. Watu wa kazi hiyo wanaiita mchongo wa machimbo ya zamani.

Mawe hayo mara nyingi yalikaa ndani ya kikombe kidogo cha chuma kilichofungwa kabisa kwa nyuma. Chini ya jiwe fundi aliweka karatasi nyembamba ya madini inayong'aa ili irudishe mwanga wa mshumaa. Chini ya yakuti yenye rangi hafifu aliweza kuweka karatasi ya bluu, na jiwe likaonekana lenye rangi nzito. Kwa hiyo kikombe kile kilipamba na kilificha pia. Mpaka leo pete ya namna hiyo haioshwi kwa maji: maji yakiingia nyuma, karatasi inaharibika na jiwe linaonekana limekufa.

Mfano unaojulikana wa pete ya almasi na yakuti wa wakati huo ni ile ambayo Napoleon Bonaparte alimpa Joséphine mwaka wa 1796. Ina mawe mawili yenye umbo la tone la maji, moja almasi, moja yakuti, yamelala kando kwa kando, kila moja likielekea upande wake. Kila jiwe halifikii hata karati moja, na karati moja ni gramu 0.2. Mwaka wa 2013 pete hiyo iliuzwa kwa mnada huko Fontainebleau, Ufaransa, kwa zaidi ya euro 700,000. Mawe peke yake hayana bei hiyo. Kilicholipiwa ni historia yake: inajulikana nani aliitoa, nani aliipokea na ilipitia mikono ya nani. Tukumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Kutoka kikombe mpaka kucha

Kwa karne nyingi almasi za Bulaya zilitoka India, na tangu miaka ya 1720 zikatoka Brazili. Zilikuwa chache. Mambo yakageuka mwaka wa 1867, wakati almasi ilipoonekana karibu na mto Orange, Afrika ya Kusini. Miaka michache baadaye machimbo ya Kimberley yalifunguliwa, na mwaka wa 1888 kampuni ya De Beers ikaundwa. Ghafla almasi zikawa nyingi. Ndipo mtu wa kawaida wa Bulaya na Marekani, siyo mfalme tu, akaanza kuwaza kumvisha mchumba wake pete ya almasi.

Wakati uleule namna ya kushika jiwe ikafunguka. Mwaka wa 1886 kampuni ya Tiffany ya New York ilitoa pete yenye almasi moja iliyonyanyuliwa juu na kucha sita ndogo. Mwanga unaingia kila upande, na hakuna tena kikombe cha kuficha. Ukiona pete yenye kucha nyembamba na nyuma yake iko wazi, ujue kwa kawaida imekuja baada ya pete za mishumaa.

Madini nayo yana lugha yake. Katika miaka ya 1800 mafundi waliogopa kwamba dhahabu ingeipa almasi rangi ya manjano. Kwa hiyo walitengeneza pete ya dhahabu, lakini sehemu inayoshika jiwe wakaifanya ya feza, ili weupe wake usaidie weupe wa jiwe. Feza inakuwa nyeusi kwa miaka. Pete nyingi za wakati huo zina weusi kuzunguka mawe. Karibu mwaka wa 1900, mafundi walipopata moto wenye nguvu za kutosha kuyeyusha platini, feza ikaachwa. Platini ni ngumu na haibadiliki rangi. Fundi anaweza kuivuta nyembamba kama uzi na bado ikashika jiwe. Ndiyo sababu pete za miaka ya 1900 mpaka 1914 zinafanana na dantela, zimejaa matundu madogo, na kingo zake zina vidoti kama mbegu.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia mtindo ukawa wa mistari iliyonyooka, pembe nne na pembe nane. Maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1925 yaliupa mtindo huo nguvu, na mpaka leo unaitwa Art Déco. Hapo ndipo almasi na yakuti zilipooana kweli. Almasi nyeupe inakaa katikati, na kuizunguka kuna vipande vidogo vya yakuti, kila kimoja kimechongwa kwa kipimo ili kiingie pale panapokingoja. Vipande hivyo havina kucha. Vinakaa ndani ya mfereji mwembamba wa platini, bega kwa bega, kama matofali ya ukuta.

Hapa mnunuzi wa leo awe macho. Mwaka wa 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga katika moto mkali, na kabla ya Vita ya Kwanza njia yake ilikuwa inatoa yakuti ya bluu pia. Mawe hayo yana ugumu na muundo uleule wa yakuti ya udongoni, lakini yametoka kiwandani. Mafundi wa miaka ya 1920 waliyatumia sana katika ile mifereji, hata katika pete zenye almasi za kweli na platini ya kweli. Kwa hiyo pete inaweza kuwa ya zamani kabisa, na yakuti yake ikawa ya kiwandani. Chini ya lenzi, jiwe la Verneuil mara nyingi linaonyesha mistari iliyopinda kama ya sahani ya muziki. Yakuti ya udongoni mistari yake imenyooka.

Kasai inaingia ndani ya pete

Sasa tufike kwetu. Mwaka wa 1906 kampuni ya Forminière iliundwa, kwa mapenzi ya mfalme Leopold II na kwa mtaji wa matajiri wa Marekani. Mwaka uliofuata, 1907, watafutaji wake waliokota almasi ya kwanza huko Kasai, upande wa Tshikapa. Mwaka wa 1913 uchimbaji ukaanza kwa nguvu. Mwaka wa 1918 ikagunduliwa hazina nyingine kubwa zaidi upande wa Bakwanga, ndiyo Mbuji-Mayi ya leo. Kwa muda mrefu Kongo ya Wabelgiji ilikuwa ya kwanza duniani kwa uzito wa almasi zilizotolewa, ingawa siyo kwa thamani.

Kwa nini siyo kwa thamani? Sababu sehemu kubwa ya mawe ya Mbuji-Mayi ni madogo, ya kijivu, yasiyopitisha mwanga. Wenye kazi wanayaita almasi za viwandani. Zinawekwa kwenye meno ya mashine za kutoboa miamba na kukata vyuma. Katika Vita ya Pili ya Dunia viwanda vya silaha vya inchi zilizopigana na Hitler vilizihitaji sana.

Lakini tusidanganyike kufikiri kwamba mawe hayo hayakuingia katika vito. Almasi haichongwi na chuma; inachongwa na almasi peke yake. Fundi anaweka mafuta na unga wa almasi juu ya gurudumu la chuma linalozunguka, kisha anaegemeza jiwe juu yake kwa saa nyingi mpaka uso mmoja unyooke. Unga huo unatoka wapi? Unatoka katika almasi duni zilizosagwa, na Kongo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya almasi hizo duniani. Yaani hata pete ambayo jiwe lake lilitoka Kimberley, kama ilitengenezwa katika miaka ya 1920 ao 1930, inawezekana kabisa kwamba mng'ao wake ulifanywa na vumbi la Kasai.

Na mawe mazuri yalikuwako pia, hasa yale ya Tshikapa. Yalisafiri mpaka Antwerp, mji wa Ubelgiji uliokuwa na kazi ya almasi tangu karne nyingi. Mafundi wa Antwerp na wa vijiji vya karibu, katika eneo la Kempen, walijulikana kwa kuchonga mawe madogo, yale yanayozunguka jiwe kubwa la katikati. Ni huko Antwerp pia alikozaliwa Marcel Tolkowsky, mtoto wa familia ya wachonga almasi, ambaye mwaka wa 1919 alitoa kitabu kilichoonyesha kwa hesabu pembe zinazofaa ili almasi ya duara irudishe mwanga mwingi. Almasi nyingi za duara zinazouzwa leo zinafuata njia hiyo. Hesabu ikafanywa na wana wa Antwerp, mawe yakaendelea kutoka kwetu yakiwa ghafi.

Jiwe lenye jina na jiwe lisilo na jina

Tuirudishe pete mkononi. Ndani yake kuna yakuti na kuna almasi. Muulize muuzaji wa Paris ao Geneva: yakuti hii ni ya wapi? Atajibu mara moja, na pengine ataleta karatasi ya maabara. Yakuti ya Kashmir, iliyoonekana karibu mwaka wa 1881 katika milima ya Himalaya na kupungua sana kabla miaka kumi haijaisha, inauzwa kwa bei ya ajabu kwa sababu ya jina lake. Ile ya Burma ina bei yake, ya Ceylon, yaani Sri Lanka, ina bei yake. Hata yakuti za jirani zetu wa Tanzania, za Umba na za Tunduru, zinatajwa kwa majina ya kwao.

Pete inayojulikana kuliko zote za aina hii ni ile ambayo mwana wa mfalme Charles wa Uingereza alimpa Diana Spencer mwaka wa 1981. Ina yakuti ya karati 12, imezungukwa na almasi 14. Mwaka wa 2010 mtoto wao William aliitoa tena kwa mchumba wake Catherine, wakiwa matembezini Kenya. Wanaoiandika wanasema: yakuti ya Ceylon. Na zile almasi 14? Zinahesabiwa tu. Hakuna anayeuliza ni za wapi.

Tofauti hiyo ina sababu mbili. Ya kwanza ni ya jiwe lenyewe. Yakuti inabeba ndani yake alama za udongo ilipozaliwa: nyuzi nyembamba, vitone vya madini mengine, kiasi kidogo cha chuma ao titani. Mtaalamu wa maabara anazisoma. Almasi karibu yote ni kaboni tupu. Ikishachongwa, kuitazama peke yake hakutoshi kusema kwa uhakika ilitoka shimo gani.

Sababu ya pili ni ya watu. Katika miaka ya 1920 Forminière ilikubali kuuza almasi zake kupitia umoja wa wafanyabiashara wa London, na baadaye umoja huo ukawa mkononi mwa De Beers. Huko mawe ya inchi mbalimbali yalichanganywa, yakapangwa upya kwa ukubwa, rangi na usafi, kisha yakauzwa katika mafungu. Jiwe la Kasai likaingia katika boksi moja na jiwe la Angola na la Afrika ya Kusini. Likitoka, jina lake la kuzaliwa limekwisha kufutwa. Kwa mfanyabiashara ilikuwa njia ya kulinda bei. Kwa mchimbaji ilikuwa kama mtoto aliyepelekwa mbali bila cheti cha kuzaliwa.

Wanaopata hasara

Mtu anaweza kusema: jina linasaidia nini? Sisi wa Kisangani tunalo jibu. Mwezi wa sita mwaka wa 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Raia wengi walikufa, na kila mtu wa hapa anajua kwamba biashara ya almasi ilikuwa moja ya mambo yaliyogombaniwa. Mwaka wa 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na milioni 60 kati yake ni kwa ajili ya mali ya asili iliyochukuliwa, almasi zikiwemo. Mawe yenyewe hayatarudi. Yalikwisha kuchanganywa na mengine, yakachongwa, na huenda yamo ndani ya pete ambazo wenye kuzivaa hawana habari.

Mpango wa Kimberley, ulioanza kazi mwaka wa 2003, ulikuja kuzuia mambo ya namna hiyo. Siku hizi almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila cheti cha serikali. Ni hatua nzuri. Lakini cheti kinasindikiza fungu la mawe, siyo jiwe moja moja, na kazi yake inaishia pale mawe yanapochongwa. Mpaka pete inapofika dukani, cheti kile hakimo.

Kuna habari moja ya Mbuji-Mayi inayosema yote. Katika miaka ya 1980 msichana mdogo alikuwa akicheza juu ya lundo la kifusi kilichotupwa kutoka machimboni kwa kuwa hakikuonekana na faida. Akaokota jiwe. Lilikuwa almasi ya karati 890. Jiwe likapita kwa mjomba wake, kwa wanunuzi, likafika Antwerp. Lilipochongwa likabaki karati 407.48, la rangi ya dhahabu, likapewa jina la Incomparable, yaani lisilo na mfano. Baadaye likawekwa katika mkufu ambao mwaka wa 2013 uliwekewa bei ya dola milioni 55. Jiwe lina jina, fundi wa mkufu ana jina. Msichana anabaki "msichana mdogo wa Kongo".

Tufanye nini na pete hizi

Kwa ndugu zetu wenye pete ya zamani nyumbani, iliyoachwa na wazazi ao iliyoletwa kutoka Bulaya, tunasema hivi. Msikimbilie kubomoa pete ili kuuza jiwe peke yake. Kikao cha jiwe ndicho kinachobeba umri. Kikibomolewa, umri umekwenda. Tazameni nyuma kama pamefungwa, na kama pamefungwa msiioshe kwa maji. Tafuteni muhuri mdogo ndani ya duara la pete. Mara nyingi unaonyesha madini na inchi ilipotengenezwa. Na yakuti ya bluu sana, safi kabisa, ndani ya pete ya miaka ya 1920, ipelekwe kwanza kwa mtu mwenye lenzi kabla ya kukubali ao kukataa bei.

Kwa wachimbaji na wanunuzi wetu tunasema neno lingine. Jina la Kashmir halikuangushwa kutoka mbinguni. Liliandikwa na wafanyabiashara na wataalamu kwenye karatasi, jiwe moja baada ya lingine, mpaka wanunuzi wakalizoea na wakakubali kulilipia. Pete ya Joséphine nayo ilipata bei yake sababu njia yake yote iliandikwa. Basi kila jiwe zuri linalotoka Bafwasende ao Opala liandikwe pale pale shimoni: siku, uzito, mahali, picha, na jina la aliyelitoa. Nakala moja ibaki kwa mchimbaji. Daftari na simu vinatosha kuanza, na siku mnunuzi wa Antwerp atakapouliza jiwe ni la wapi, jibu litakuwako, na mwenye kulitoa atakuwa na neno la kusema juu ya bei.